Gravel Heart (riwaya)

Gravel Heart ni riwaya ya Kiingereza ya Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar anayeishi Uingereza. Jina lake linaweza kutafsiriwa kwa Kiswahili kama "Moyo wa Changarawe". Ilichapishwa mwaka 2017 na kampuni ya Bloomsbury, ikiwa riwaya ya 9 ya mwandishi huyo.

Riwaya inasimulia maisha ya Salim, kijana wa mjini Zanzibar ambaye baba yake alihama nyumbani ghafla bila mtu yeyote kumweleza sababu. Salim anapelekwa London kusoma, anaishi ugenini kwa miaka mingi, kisha anarudi mjini kwao baada ya kifo cha mama yake. Ndipo baba yake anapomwambia siri iliyovunja familia. Siri hiyo inahusu ndoa ya wazazi wake, lakini chanzo chake ni mtu mwenye cheo aliyetumia madaraka yake kumpata mke wa mtu mwingine.

## Mwandishi

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar tarehe 20 Desemba 1948. Aliondoka visiwani akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, katika kipindi cha misukosuko iliyofuata Mapinduzi ya Zanzibar, akaenda Uingereza. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982 na baadaye akafundisha fasihi huko hadi alipostaafu.

Riwaya yake ya kwanza, *Memory of Departure*, ilitoka mwaka 1987. *Paradise* (1994) ndiyo iliyomfanya ajulikane zaidi, kwa kuwa iliingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel katika Fasihi. Kamati ya tuzo ilitaja jinsi anavyochunguza bila kulegeza, na kwa huruma, athari za ukoloni na hali ya mkimbizi anayeishi kati ya tamaduni na mabara.

Gurnah mwenyewe hakuweza kurudi Zanzibar hadi mwaka 1984, alipomwona baba yake muda mfupi kabla ya baba huyo kufariki. *Gravel Heart* si tawasifu, na Salim wa riwaya ni wa kizazi cha baadaye, kwa kuwa amezaliwa baada ya Mapinduzi. Hata hivyo, mwana anayerudi baada ya miaka mingi na kukaa tena na baba yake ni jambo ambalo mwandishi alilijua katika maisha yake.

## Usuli wa kihistoria

Matukio ya riwaya hayaeleweki vizuri bila kukumbuka historia ya Zanzibar. Visiwa vilipata uhuru kutoka Uingereza tarehe 10 Desemba 1963. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Sultani ilipinduliwa. Baraza la Mapinduzi lilishika madaraka likiongozwa na Abeid Amani Karume, na tarehe 26 Aprili 1964 Zanzibar iliungana na Tanganyika.

Katika miaka iliyofuata watu wengi waliuawa, walifungwa au walikimbia nchi. Nyumba na mashamba yalitaifishwa. Watumishi na walimu walioonekana kuwa upande wa serikali iliyoanguka walipoteza kazi. Wazanzibari wengi waliondoka kwenda Dar es Salaam, Mombasa, Dubai, Oman na Uingereza.

Jambo moja la kipindi hicho linahusiana moja kwa moja na maudhui ya riwaya. Mwaka 1970 wasichana wa familia zenye asili ya Iran walilazimishwa kuolewa na wakubwa wa serikali bila ridhaa yao wala ya wazazi wao, na habari hizo zilitangazwa duniani. Riwaya haisimulii kisa hicho. Lakini msomaji anayekijua anaelewa kwa nini, katika mji wa riwaya, watu hawashangai mkubwa anapomtaka mwanamke, na kwa nini hawana pa kupeleka malalamiko.

Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na nafasi yake ikachukuliwa na Aboud Jumbe. Vyama vingi viliruhusiwa tena Tanzania mwaka 1992. Salim anakua katika miaka hii, wakati ukali wa mwanzo umepungua lakini familia zilizopata nguvu baada ya Mapinduzi bado zinazo.

## Muhtasari

Riwaya imegawanywa katika sehemu tatu. Sehemu mbili za kwanza zinasimuliwa na Salim. Katika ya tatu baba yake anachukua usimulizi kwa kiasi kikubwa.

### Utoto wa Salim

Salim anaishi katika nyumba ndogo na baba yake Masud, mama yake Saida na mjomba wake Amir, ambaye ni mdogo wake Saida. Masud ni karani katika ofisi ya maji. Salim anapofika umri wa miaka saba baba yake anahama nyumbani. Hagombani na mtu wala haendi mbali. Anapanga chumba nyuma ya duka mtaa wa Mwembeladu, mjini humohumo, na tangu hapo anaishi humo kama mtu aliyekata tamaa, akisoma vitabu na kusema machache.

Saida anaendelea kumpikia. Kila siku chakula kinawekwa kwenye kikapu na kupelekwa Mwembeladu, mwanzoni na Saida mwenyewe, kisha na Salim anapokuwa mkubwa kidogo. Mtoto anafika, anaweka kikapu, anachukua vyombo vya jana na kurudi. Haambiwi kwa nini baba hakai nao. Akiuliza anapewa jibu lisilo na maana, au hajibiwi kabisa.

Baadaye anatambua kwamba mama yake ana uhusiano na Hakim, mtu mwenye cheo kikubwa serikalini, na Saida anajifungua mtoto wa kike, Munira. Kwa hiyo Salim hakosi kujua kwamba kuna mwanamume mwingine. Asichokijua ni namna jambo hilo lilivyoanza. Akiwa kijana anafikia hukumu anayoweza kuifikia kwa habari alizo nazo: kwamba mama yake amekosa na baba yake ni dhaifu.

### London

Mjomba Amir amekuwa mwanadiplomasia na amemwoa Asha, dada yake Hakim. Akiwa kazini London anamwita Salim kwenda kusoma masomo ya biashara. Salim anaishi nao katika nyumba nzuri, lakini hayapendi masomo aliyochaguliwa na hafanikiwi. Ugomvi unazuka na anatakiwa kuondoka.

Anahamia Camberwell, kusini mwa London, katika nyumba ya mzee aitwaye Mgeni, akiishi na Waafrika wa nchi mbalimbali. Wenyewe wanaiita nyumba hiyo kwa utani OAU, kifupi cha Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Anafanya kazi ndogondogo, kisha anasoma fasihi katika chuo kikuu. Uhusiano wake na Billie, msichana mwenye asili ya Kihindi, unavunjika kwa sababu ya upinzani wa familia ya msichana.

Katika miaka hiyo Salim anamwandikia mama yake barua. Zile anazozituma ni fupi na za heshima, zenye salamu na habari za afya. Nyingine anaziandika kwenye daftari na hazitumi kamwe. Humo ndimo anamwaga hasira, upweke na maswali yake.

### Kurudi Zanzibar

Saida anafariki kabla Salim hajarudi kumwona. Habari hizo ndizo zinazomrudisha nyumbani. Anamkuta Munira amekuwa mwanamke mzima. Anamkuta pia baba yake, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa ameondoka Zanzibar na kuishi Kuala Lumpur, Malaysia, na wazazi wake, na sasa amerejea.

Katika mazungumzo marefu ya usiku, Masud anamweleza mwanawe yote tangu mwanzo. Anaanza na baba yake mwenyewe, Maalim Yahya, mwalimu wa dini aliyepoteza kazi baada ya Mapinduzi, akahamia Dubai na kuita familia yake imfuate. Masud alikataa kwenda kwa kuwa alikuwa amempenda Saida. Baba yake Saida alichukuliwa baada ya Mapinduzi na hakurudi tena, familia ikapoteza nyumba, na Saida akabaki na mama yake na mdogo wake Amir. Masud na Saida walioana, na Amir akaja kukaa nao.

Kisha Amir, kijana mtanashati na mpenda starehe, akaanzisha uhusiano wa siri na Asha, binti wa familia ya wakubwa. Akakamatwa. Kwa siku kadhaa nyumbani hawakujua kama yu hai. Saida akaenda kumwomba Hakim, kaka yake Asha, amwachie. Hakim akamwambia bei yake: ni yeye Saida. Akakubali ili kuokoa maisha ya mdogo wake. Uhusiano haukuishia hapo. Masud hakuweza kumzuia mkewe, hakuweza kumshtaki Hakim, na hakuweza kuendelea kuishi katika nyumba hiyo. Akahama kimya.

Baada ya kusikia haya Salim anajikuta hana nyumba ya kurudi wala chuki aliyoizoea. Hatimaye anarudi London.

## Wahusika wakuu

* Salim – msimulizi. Anakua bila maelezo, na anabeba ukimya wa nyumbani hadi ugenini.
* Masud – baba yake Salim. Kwa nje ni mtu aliyeshindwa. Mwisho wa riwaya unamwonyesha kama mtu aliyependa sana na akakosa njia ya kumlinda aliyempenda.
* Saida – mama yake Salim. Ndiye mhusika mwenye uamuzi mzito kuliko wote, lakini hapati nafasi ya kujieleza mwenyewe. Msomaji anamjua kupitia mwanawe na mumewe.
* Amir – mjomba wa Salim. Kosa lake ndilo lililoanzisha msiba, na ni yeye aliyenufaika nao zaidi.
* Hakim – mkubwa wa serikali, kaka yake Asha na baba yake Munira.
* Asha – mke wa Amir.
* Munira – dada yake Salim kwa mama.
* Maalim Yahya – babu yake Salim mzaa baba, mwalimu wa dini.

## Maana ya jina

Maneno yanayounda jina la riwaya yametoka katika *Measure for Measure*, tamthilia ya William Shakespeare iliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 17. Katika tamthilia hiyo maneno hayo yanatumika kumsema Barnardine, mfungwa mlevi aliyehukumiwa kifo asiyejali kuishi wala kufa. Riwaya yenyewe inaitaja tamthilia hiyo karibu na mwisho, na kisa chake kinafanana sana na siri ya familia ya Salim.

Katika tamthilia, mtawala wa Vienna anajifanya amesafiri na kumwachia madaraka Angelo, mtu anayesifika kwa maadili. Angelo anamhukumu kifo kijana Claudio kwa kumpa mimba mchumba wake. Isabella, dada yake Claudio, anakwenda kumwombea msamaha. Angelo anamwambia kwamba atamwachia Claudio iwapo Isabella atalala naye. Isabella anakataa. Mtawala, ambaye hakusafiri bali amejificha katika mavazi ya mtawa, anapanga hila: Mariana, mwanamke ambaye Angelo alimwacha, anaingia gizani badala ya Isabella. Mwishoni mtawala anajitokeza, Angelo anaumbuliwa na Claudio anaishi.

Gurnah anachukua kisa hicho na kuondoa vitu viwili. Kwanza, Saida hana mtu wa kuingia gizani badala yake, kwa hiyo analipa mwenyewe. Pili, hakuna mtawala mwema aliyejificha ambaye atatokea mwishoni kuweka mambo sawa. Katika Zanzibar ya riwaya, mtu ambaye Saida angemshtakia Hakim ni Hakim au ndugu zake. Tamthilia ya Shakespeare inaisha kwa hukumu ya hadhara. Riwaya ya Gurnah inaisha kwa baba kumsimulia mwanawe chumbani.

Jina linabaki na maana zaidi ya moja. Moyo wa changarawe unaweza kuwa wa Hakim asiye na huruma, wa Amir asiyejuta, au wa Masud, ambaye kama Barnardine alifika mahali pa kutojali kama anaishi au amekufa.

## Maudhui

### Siri na ukimya

Methali ya Kiswahili inasema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Katika riwaya hii watu wazima wote wanaijua siri, kila mmoja kwa sehemu yake, isipokuwa mtoto anayeishi ndani yake. Ukimya wao una sababu zinazoeleweka. Kusema kungemfedhehesha Saida, kungemdhalilisha Masud na kungemuudhi mkubwa ambaye hasira yake ni hatari. Katika maadili ya Waswahili kusitiri aibu ya ndugu ni wema.

Lakini riwaya inaonyesha kwamba ukimya huo una gharama, na kwamba anayeulipia si yule aliyekosa. Hakim hapotezi chochote kwa kutosemwa. Kinyume chake, ukimya unamlinda. Salim ndiye anayepoteza. Anamhukumu mama yake kwa miaka mingi kwa kosa ambalo hakulitenda kwa hiari, na anapofahamu ukweli mama yake ameshakufa na hawezi kumwomba radhi. Barua za daftarini ambazo hazikutumwa zinaonyesha kwamba mtoto aliyelelewa katika ukimya naye amejifunza kunyamaza.

### Madaraka na mwili wa mwanamke

Hakim hatumii bunduki wala hatoi vitisho vya wazi. Anataja masharti tu. Nguvu yake inatokana na ukweli kwamba kila mtu anajua kinachoweza kutokea akikataliwa, hasa katika familia ambayo tayari imempoteza baba kwa namna hiyo. Kwa hiyo riwaya haiwezi kugawanywa katika kisa cha siasa na kisa cha mapenzi. Kitanda cha Masud na Saida ni mahali ambapo historia ya nchi imeingia.

Riwaya pia inauliza neno "kukubali" lina maana gani. Saida alikwenda mwenyewe na alisema ndiyo. Jirani akitazama angesema amekubali. Msomaji anayejua kwamba jibu la hapana lingeweza kuwa maiti ya mdogo wake hawezi kusema hivyo kwa urahisi.

### Bei na wanaoilipa

Uhuru wa Amir ulinunuliwa na dada yake. Baada ya kutoka kifungoni Amir alimwoa Asha, akaingia katika familia ya wakubwa na kupata kazi ya ubalozi. Kazi hiyo ndiyo iliyompa nyumba London, na nyumba hiyo ndiyo aliyomkaribisha Salim.

Hapa ndipo jambo zito la riwaya lilipo. Salim anaposikia simulizi la baba yake hasikii habari za wengine tu. Anatambua kwamba nauli yake, ada yake na nafasi yake ya kuishi Ulaya vimetoka katika malipo yaleyale yaliyomvunja baba yake na kumwaibisha mama yake. Hata yeye aliyekuwa akilaumu amekula katika sahani hiyo. Riwaya haimhukumu, kwa kuwa alikuwa mtoto na hakujua. Lakini haimwachi abaki mtazamaji.

### Kurudi nyumbani

Katika hadithi nyingi kurudi nyumbani huwa mwisho wa safari. Katika *Gravel Heart* kurudi hakurudishi kitu. Mama amekufa, baba amezeeka, mji umebadilika, na msafiri mwenyewe amekuwa mgeni kila mahali. Anachokipata Salim ni maelezo aliyokuwa anadai tangu utotoni. Maelezo hayaponyi, lakini yanampa baba ambaye hakuwahi kumjua. Masud naye, aliyekaa kimya kwa miaka, anapata mtu wa kumwambia.

### Maisha ya ugenini

Sehemu ya London inaonyesha uhamiaji wa aina ambayo haisimuliwi sana: si wa kukimbia vita bali wa kijana aliyetumwa kusoma, akashindwa, na akaona aibu kurudi mikono mitupu. Nyumba ya Mgeni ni mfano wa jamii wanayojenga watu wasio na ndugu karibu, wanaosaidiana bila kuulizana sana kuhusu yaliyopita.

## Mtindo na lugha

Riwaya imeandikwa kwa Kiingereza chenye sentensi tulivu, na maneno ya Kiswahili yanaingia katika mazungumzo na majina ya heshima kama vile "Maalim", bila kugeuzwa kuwa mapambo. Majina ya mitaa ya mji wa Zanzibar yanatajwa kama wenyeji wanavyoyataja.

Mwandishi anachelewesha habari muhimu kwa makusudi. Msomaji anawekwa katika nafasi ya Salim: anaona kikapu cha chakula, anaona baba asiyesema, na anafanya makisio yake. Usimulizi unapopita kwa Masud, msomaji analazimika kurudi nyuma na kuyapima upya mambo aliyokwisha kuyahukumu. Mama kumpikia kila siku mume aliyehama, kwa mfano, mwanzoni kunaonekana ni mazoea au majuto. Baadaye kunaonekana kuwa njia pekee iliyobaki kwa watu wawili waliopendana kuendelea kuwa mume na mke.

Jambo linaloweza kujadiliwa ni kwamba Saida hasimulii. Wasomaji wengine wanaweza kuliona hilo kama pengo, kwa kuwa aliyelipa zaidi ndiye aliyepewa sauti ndogo zaidi. Wengine wanaweza kuona kwamba pengo hilo ndilo hoja yenyewe: amekufa kabla ya kuulizwa.

## Kurudi nyumbani katika riwaya nyingine za Tanzania

Kisa cha msomi anayerudi kwao na kukutana na siri kipo pia katika riwaya nyingine, na kuzilinganisha kunasaidia kuelewa upekee wa *Gravel Heart*.

Katika *Kichwamaji* (1974) ya Euphrase Kezilahabi, Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anarudi Ukerewe na kukuta kwamba dada yake Rukia amepewa mimba na Manase, rafiki yake wa utotoni ambaye sasa ni ofisa mkubwa. Hapa pia kuna kaka, dada na mtu mwenye cheo. Tofauti ni kwamba Kazimoto anatafuta kulipiza kisasi, na kisasi hicho kinamgeukia. Katika riwaya ya Gurnah ndugu wa kiume halipizi chochote, bali ananufaika.

Katika *The Magic of Saida* (2012) ya M. G. Vassanji, daktari Kamal anarudi Kilwa kutoka Kanada kumtafuta msichana aliyempenda utotoni. Siri za mji huo zinarudi nyuma hadi utawala wa Wajerumani na Vita vya Maji Maji. Vita hivyo vilianza katika nchi ya Wamatumbi, nyuma ya Kilwa, mwezi Julai 1905, vikasambaa kusini mwa nchi hadi bonde la Kilombero na milima ya Mahenge, ambako Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Wajerumani tarehe 30 Agosti 1905. Kwa Vassanji, siri ya nyumbani ina umri wa karne moja na mashahidi wake wamekufa. Kwa Gurnah, siri ina umri wa kizazi kimoja, shahidi bado yu hai, na swali ni kama atakubali kusema.

## Gurnah katika Kiswahili

Gurnah anaandika kwa Kiingereza ingawa lugha yake ya kwanza ni Kiswahili, na kwa muda mrefu vitabu vyake vilisomwa zaidi nje ya Afrika Mashariki. Hali ilianza kubadilika baada ya Tuzo ya Nobel. Mwaka 2022 riwaya yake *Paradise* ilitoka kwa Kiswahili kwa jina *Peponi*, ikiwa imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam.

Kwa wanafunzi wa fasihi *Gravel Heart* inafaa kusomwa pamoja na *Measure for Measure*, na pia pamoja na *Kichwamaji*. Zote tatu zinauliza swali moja: mwenye madaraka anapotaja bei yake, ni nani hasa anayelipa, na kwa muda gani?

## Tazama pia

* Abdulrazak Gurnah
* Mapinduzi ya Zanzibar
* Euphrase Kezilahabi
* M. G. Vassanji
* Vita vya Maji Maji
* Fasihi ya Kiswahili